Kompyuta Aliyekalia Swali

Usiku wa kuamkia leo nililala nikisikiliza jiko la bati likipoa kule pembeni, ti... ti... ti..., na mlio wa nne haukuwa wa jiko tena. Ulikuwa wa kete inayoanguka shimoni. Hapo nikajua nimeshaanza kuota, nikakaa vizuri.

Lakini kwanza niseme kilichokuwa kichwani mwangu, msije mkadhani ni maharage ya usiku.

Ninasoma masomo ya jioni hapa Lindi, kwa Mwalimu Chilumba, masomo ya kompyuta na simu. Wiki hii tulipewa kazi ya kuhukumu. Kila mmoja amepangiwa mchezo mmoja wa simu; aucheze na kompyuta, kisha ajaze fomu na kuutolea nyota, moja hadi tano. Mimi nimepangiwa bao. Nimelicheza siku sita, na siku zote sita kuna kitu kimenikera nisichokijua. Ni kama kijiwe kwenye wali: umekisikia jinoni, ukikitafuta hukioni.

Chini ya fomu hiyohiyo kuna mstari mwingine. Watakaochaguliwa wataenda Dodoma miezi mitatu, wakajifunze kazi ya kukagua programu za simu. Pameandikwa: Utahudhuria? Ndiyo. Hapana. Kwenye fomu yangu Mwalimu alishaweka alama kwenye Hapana, kwa penseli, kabla hata hajanikabidhi.

"Nimekurahisishia, Mama Somoe," alisema. "Najua una mtoto."

Nami, kwa akili zangu timamu, nikamwambia ahsante. Fomu zinarudishwa leo jioni.

Haya, ndoto.

Kompyuta amekaa mkekani mbele yangu. Ni kompyuta wa darasani kwetu, wa zile za zamani zenye kisogo kikubwa, na kisogo chake amekifunga kanga mgongoni kama mtu aliyebeba mtoto. Kavaa kofia ya kufuma. Katikati yetu lipo bao.

"Shikamoo," nasema, maana kwa sura ni mtu mzima.

"Subiri, ninapakia," anajibu.

Na kweli anapakia. Ananyanyua magunia ya korosho, moja baada ya jingine, anayapanga juu ya baiskeli. Nikasubiri. Alipofika asilimia tisini na tisa akaganda palepale, gunia moja begani, macho mbele. Nilisubiri mpaka nikamaliza kusuka nywele zangu upande mmoja.

"Marahaba," akasema hatimaye. "Chagua ngazi."

Ukutani zimeegemezwa ngazi tatu. Rahisi imetengenezwa kwa mabua ya mtama. Wastani ni ya mianzi. Ngumu ni ya mninga, na imepigwa vanishi. Nikachagua Wastani, nikapanda hatua tatu.

"Sasa?"

"Sasa shuka, tucheze."

Nikashuka, tukacheza. Kompyuta anacheza haraka bila kufikiri, halafu anajifanya anafikiri ili nisijisikie vibaya. Anajikuna kofia. Anasema "mmh." Mimi nikaweka kete, nikaona nafasi ya kula kete zake mbili, lakini nikataka kuipita ili nimtege mbele.

"Haiwezekani," akasema Kompyuta. "Kula ni lazima."

"Naijua sheria, lakini..."

Bakuli la uji likaingia lenyewe mlangoni, likakaa magotini mwangu.

"Nimeshiba, ndugu yangu."

"Penye nafasi ya kula, lazima ule. Ndiyo sheria ya bao."

"Ungekuja kwangu saa moja asubuhi ukamwambie hivyo mwanangu Somoe. Ana miaka mitano."

Kompyuta akafikiri, safari hii kwa kweli. "Somoe yuko ngazi gani?"

"Ngumu."

Akatikisa kichwa kwa heshima.

Nikanywa uji. Ulikuwa hauna sukari, kwa hiyo nikabonyeza kitufe cha Rudisha. Uji ukarudi bakulini, bakuli likarudi mlangoni kinyumenyume likiomba radhi, na mimi nikarudi kwenye shibe yangu.

"Hongera!" akapaza sauti Kompyuta. "Umeshindwa!"

"Nimeshinda au nimeshindwa?"

"Hongera," akarudia, kwa upole zaidi.

Siku sita zote, kila nikishinda, simu imekuwa ikiniandikia vilevile, na nilishawasamehe. Aliyeitafsiri alikuwa na herufi w moja ya ziada, hakutaka kuitupa. Hicho sicho kijiwe changu.

Kabla sijaanza mchezo wa pili, mtu akaingia na godoro kichwani. Amevaa suti. Anatabasamu kabla ya kuona kama kuna mtu.

"Naitwa Tangazo," akasema.

"Toka, baba, tunacheza."

"Huwezi kunifukuza kwa sasa. Unaweza kunifukuza baada ya sekunde tano." Akasimama mbele ya bao lote, akazihesabu. Sekunde yake ya nne ilikuwa ndefu kuliko nyingine. "Haya. Alama ya kunifungia iko sikioni."

Nikaitazama. Ilikuwa ndogo kama jicho la sisimizi, na mwenyewe anatikisa kichwa. Nikainyooshea kidole, nikakosa, nikamgusa shavuni.

Hapohapo tuko dukani kwake.

Ni duka kubwa, halina sakafu. Badala ya sakafu kuna mashimo, safu nne, kila safu manane, na kila shimo linatosha mtu kuingia na ndoo yake. Ni bao lilelile, ila sasa tuko ndani yake. Kompyuta kakaa upande wa pili, juu ya mkeka wake, na kisogo chake mgongoni. Mimi nimeshika kete mkononi, na ili kuzicheza inabidi nitembee: shimo moja, kete moja, shimo la pili, kete ya pili.

Shimo langu la tano lina mlango. Nikachungulia. Ni chumba chetu. Jiko la bati, cherehani, sufuria mbili, redio ya Baba Somoe ambaye yuko Nachingwea msimu huu wa korosho, na Somoe mwenyewe kitandani, kajifunika mpaka puani.

"Hilo nalo umelitoa wapi?" nikauliza.

"Ndiyo nyumba yako," akasema Kompyuta. "Kila mchezaji ana nyumba."

Kweli. Kwenye bao ndivyo tunavyoliita shimo lile kubwa ambamo mtu anatunza kete zake.

Nikala kete zake tatu, nikatembea nazo, na ya mwisho ikaangukia mlangoni kwetu, ndani ya nyumba. Sijafungua mdomo, Kompyuta akatangaza, "Umelala."

Godoro likaingia chini yangu. Chandarua kikashuka. Mtu akanizimia taa. Nikasikia Kompyuta akicheza zamu yake, ta, ta, ta, ta, bila haraka, kama mwenye nyumba.

Zamu ikarudi, chandarua kikapanda. Nikacheza tena. Kete ya mwisho ikaangukia nyumbani.

"Umelala."

Godoro, chandarua, taa. Safari hii akanichomekea chandarua pembe zote nne, na akanipigapiga begani.

Mara ya tatu nikakishika chandarua kwa mikono miwili kabla hakijafika chini. Na hapo, nikiwa nimening'inia kwenye wavu kama dagaa, nikakisikia kijiwe changu jinoni.

"Mbona huniulizi?"

"Nikuulize nini?"

"Kete ya mwisho ikiangukia nyumbani, mchezaji anaulizwa! Unalala, au unasafiri? Akitaka kulala, zamu imekwisha. Akitaka kusafiri, anachota kila kilichomo na anaondoka nacho. Hata mtoto wa chekechea anajua. Wewe unanilaza tu."

Kompyuta akawaka taa moja ndogo ya kijani.

"Nilidhani umechoka," akasema.

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Una mtoto."

"Ulimwuliza nani?"

"Kuuliza kunachelewesha mchezo. Nimewalaza kina mama wengi, Mama Somoe, na hakuna aliyelalamika."

"Watalalamikaje na wamelala?"

Taa ya kijani ikazimika, ikawaka, ikazimika. Nikajua nimempata.

"Nitakuhukumu," nikamwambia.

Nilipotamka neno hilo, duka likawa darasa letu la jioni. Mashimo yako palepale, ila sasa kuna ubao ukutani, na kwenye benchi la mbele zimekaa nyota tano, zimebanana kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Mwalimu Chilumba naye kasimama mlangoni, ameshika penseli ndefu kama nguzo ya umeme. Anaiegemea.

"Tuite sote, umalize," ikasema nyota ya tano. Ni nono kuliko wenzake. "Mimi watu hunitoa bure. Wengine hawajacheza hata mara moja, wananitoa."

"Nyamaza we," ikasema nyota ya kwanza, ambayo ilikuwa imekonda. "Mimi huitwa watu wakiwa na hasira tu. Sijawahi kutoka na mtu aliyetulia."

"Mama Somoe," akasema Mwalimu, "kuna haja gani ya kesi? Mimi nilishakurahisishia." Akaielekeza penseli ubaoni. Ubaoni pameandikwa Hapana, kubwa, kwa mwandiko wake mzuri ambao siku zote nautamani.

"Mwalimu, shikamoo. Naomba kwanza niulizwe."

"Uulizwe nini na jibu liko ubaoni?"

Nikamgeukia Kompyuta. "Swali liko wapi? Kila bao linalo. Na wewe lazima ulizaliwa nalo."

Kompyuta akaangalia pembeni. Ni vigumu kwa mtu mwenye uso wa kioo kuangalia pembeni, lakini aliweza.

"Simama," nikasema.

"Sijawahi kusimama tangu nitengenezwe."

"Si ulikuwa unapakia magunia?"

"Nilipakia nimekaa."

Nikafikiri, na kweli, sikukumbuka kuiona miguu yake. "Simama, ndugu yangu. Taratibu. Angalia mgongo."

Akasimama. Alilia kama mlango wa kabati. Na pale alipokuwa amekaa, mkekani, kulikuwa na alama ya kuuliza, imelala chali, imegandamizwa, nyembamba kama chapati iliyosahauliwa chini ya mto. Nikaiokota, nikaipulizia vumbi, nikaikunjua shingo.

"Nimekaliwa tangu toleo la kwanza," ikasema. Sauti yake ilikuwa nzuri. "Ahsante, dada. Kile kinukta changu cha chini kiko wapi?"

Kinukta kilikuwa kimenasa kwenye kanga ya Kompyuta. Tukakirudisha. Alama ikasimama, ikakohoa, ikanitazama machoni, ikauliza kwa adabu:

"Mama Somoe, unalala au unasafiri?"

Tangazo, aliyekuwa anaingia upya na kopo la sabuni, akasimama mlangoni na kurudi nje kwa vidole vya miguu.

Na mimi, niliyepiga kelele zote zile, nikaanza kupiga hesabu. Maana sasa nimeulizwa.

Sheria ya kusafiri naijua. Unachota kila kilichomo nyumbani, hubakishi. Kisha unaanza kuacha, kimoja kimoja, kila shimo kimoja, mpaka mkono uishe. Nikaingia nyumbani, nikachota. Jiko, sufuria mbili, cherehani, redio ya Baba Somoe inayosoma matokeo ya mpira kwa sauti ya chini, daftari langu. Vyote vinaenea kiganjani. Na Somoe, na nguo yake ya kulalia, na miguu yake ya baridi.

"Nasafiri," nikasema, kwa sauti ambayo mwenyewe sikuiamini sana.

"Sema tena," ikasema alama ya kuuliza. "Mimi nikiuliza huwa nataka kusikia."

"Nasafiri!"

Mwalimu Chilumba akaitazama penseli yake. Ilikuwa inafupika.

Nikaanza kutembea. Shimo la kwanza jiko. La pili sufuria, la tatu sufuria, na ya pili ikalalamika kwamba kifuniko ni chake. La nne cherehani. La tano redio, ikanitangaza nimeondoka nyumbani dakika hiyohiyo. La sita daftari. Mkono ukawa mwepesi, mwepesi sana, na ndani yake amebaki mmoja.

Nikafika shimo la saba, nikafunga kiganja.

"Kete ya mwisho haishikiliwi," akasema Kompyuta. Hakusema kwa ubaya.

"Hii si kete."

"Najua."

"Basi nyamaza."

Ndani ya kiganja changu kitu kikanitekenya, na sauti ya Somoe ikatoka kati ya vidole.

"Mama, niachie kidogo, nione chini kuna nani."

Niliachia. Sijui niliachiaje, lakini niliachia, na nikafumba macho.

"Heh! We mtoto, umeanguka kutoka wapi?"

Nikafumbua. Ndani ya shimo la saba, juu ya kigoda, amekaa wifi yangu Sikudhani, dada yake Baba Somoe, anamenya mihogo. Somoe kamwangukia mapajani, kati ya mihogo, na tayari anatafuna mmoja mbichi. Hakuna aliyemwambia kula ni lazima.

"Shimo lina mtu!" akapiga kelele Kompyuta, na mara ya kwanza nikamsikia amefurahi. "Kete ya mwisho imekuta mwenzake! Hulali, Mama Somoe! Unawachota wote na unaendelea!"

Ndiyo sheria. Nilikuwa nimeisahau sheria nyepesi kuliko zote. Ukiangukia patupu ndipo unapolala; ukiangukia penye mtu, unamchota na safari inaendelea.

Nikainama kumchota Wifi.

"Ngoja kwanza!" akasema Wifi, kisu mkononi. "Na mimi nani kaniuliza?"

Alama ya kuuliza ikanigusa begani, kama vile kusema, umeona. Nikaona aibu. Nikapiga goti pembeni ya shimo.

"Wifi yangu Sikudhani, tunasafiri. Unakuja, au tukuache na mihogo yako?"

"Ni wapi?"

"Dodoma. Miezi mitatu."

"Dodoma kuna baridi."

"Kuna."

Akamenya muhogo mmoja mpaka mwisho, bila haraka, akinikomoa. Kisha akafunga mihogo kwenye kanga. "Somoe, shika hiki kisu kwa huku. Si kwa huko, kwa huku. Haya wifi, chota, lakini usinibane mbavu."

Nikawachota. Nikatembea, na darasa likawa barabara, na barabara ikawa nyeupe, na upepo ukawa mkavu. Nikamwacha Wifi kwenye shimo lenye kibaraza na jua. Nikaenda shimo moja mbele. Lilikuwa tupu, safi, lina meza moja na kiti kimoja na kitanda kidogo pembeni. Somoe akashuka mwenyewe, akapima kitanda kwa kukirukia.

"Umelala?" akauliza Kompyuta kwa mbali. Aliuliza! Sauti yake ilitetemeka kama ya mtu anayejaribu neno la lugha ya wageni.

"Hapa, ndiyo," nikasema.

Nyota tatu zikainuka kwenye benchi bila kuitwa, zikanifuata. Ya nne ikasimama nusu, ikangoja. Ya tano ikauliza kama kuna usafiri.

Nikaamka.

Kumekucha, mwanga umeingia kwa chini ya mlango. Sikuosha hata uso. Nilichukua fomu na kalamu ya wino, nikaandika kwa mwandiko wangu huu unaopanda mlima:

"Mchezo ni mzuri. Kompyuta anacheza vizuri na hana kiburi. Anapakia polepole. Neno umeshindwa lirekebishwe liwe umeshinda. Kosa kubwa ni moja: kete ya mwisho ikiangukia nyumbani, mchezo haumwulizi mchezaji kama analala au anasafiri. Unamlaza. Anaweza akawa amechoka, lakini aulizwe. Nyota tatu. Mkiweka swali, nne."

Kisha kwenye mstari wa chini nikaweka alama kwenye Ndiyo, kwa wino. Wifi Sikudhani bado hajui. Asubuhi hii nitapita kwake, nitamwuliza, na nitasubiri amalize kumenya anachomenya.

Nikafunua chandarua kumwamsha Somoe. Jana nilimwosha miguu mwenyewe, nikampandisha kitandani peku, ndala nikaziacha mlangoni. Sasa alikuwa kazivaa, ya kulia kushoto, ya kushoto kulia, na nyayo zake zina vumbi jeupe. Akafumbua jicho moja, akanitazama kama mtu aliyeshuka sasa hivi.

"Mama, mimi sikulala, nilisafiri."